Wawili wakusanye, watatu wagawe: Kanuni za kale zinazolisha familia maskini za New York

Novemba 1, 2025, mamilioni ya familia nchini Marekani walianza mwezi bila fedha mpya kwenye kadi zao za chakula. Serikali kuu ilikuwa imesimamisha shughuli zake tangu Oktoba 1 kwa sababu wanasiasa hawakuelewana kuhusu bajeti. Mpango uliokwama unaitwa SNAP. Kila mwezi serikali huweka fedha kwenye kadi, na mtu mwenye kipato kidogo huenda nayo dukani kununua chakula. Watu wapatao milioni 42 wanautegemea mpango huo, karibu mtu mmoja katika kila wanane. Haikuwahi kutokea fedha hizo zikakatika namna ile nchi nzima.

Kesi zilifunguliwa mahakamani. Gavana wa jimbo la New York alitangaza hali ya dharura na kutenga dola milioni 65 kwa ajili ya chakula. Serikali ilifunguliwa tena Novemba 12, baada ya siku 43. Lakini tumbo halingoji hukumu ya mahakama. Katika siku hizo foleni zilirefuka makanisani, misikitini, kwenye masinagogi na kwenye vituo vya mitaa vinavyogawa chakula.

Katika makala hii tunaangalia vikundi vya aina moja tu kati ya hivyo: vikundi vidogo vya Wayahudi vinavyolisha familia maskini. Havina utajiri mkubwa. Tumevichagua kwa sababu vinafanya kazi kwa kanuni zilizoandikwa karne nyingi zilizopita, na kanuni hizo zinajibu maswali ambayo hata sisi huku kijijini tunagombana juu yake kila mgao wa chakula unapofika: nani ashike fedha, nani agawe, nani apewe kwanza, na kwa nini anayepewa apigwe picha.

Je, kuna Wayahudi maskini?

Tuanze na hapo, maana wengi wetu tumekua tukisikia kwamba Wayahudi wote ni matajiri. Si kweli. Brooklyn, sehemu ya jiji la New York yenye Wayahudi wengi sana, ina familia zenye watoto saba au wanane zinazotegemea mshahara wa mwalimu mmoja wa shule ya dini. Ina wazee waliohamia kutoka nchi za uliokuwa Muungano wa Kisovieti bila pensheni ya maana. Wengine kati ya wazee hao walinusurika mauaji ya Wanazi wakiwa watoto, na leo wanahesabu sarafu mbele ya duka la dawa.

Maskini hawa wana tatizo jingine. Myahudi anayeshika dini hula chakula cha kosheri tu, yaani chakula kilichoandaliwa kwa sheria ya dini yake. Nguruwe haliwi. Mnyama lazima achinjwe na mchinjaji aliyefundishwa. Nyama na maziwa havichanganywi, wala havipikwi katika sufuria moja. Msikilizaji wetu Mwislamu ataelewa haraka, kwa sababu anajua maana ya halali. Nyama ya kosheri ni ghali kuliko nyama ya kawaida, na vituo vingi vya msaada havina. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama mbele ya meza iliyojaa chakula cha bure na bado akaondoka na njaa.

Masbia: mgahawa usio na bili

Mwaka 2005, katika mtaa wa Borough Park huko Brooklyn, Alexander Rapaport, Myahudi wa madhehebu ya Kihasidi, na mwenzake walifungua jiko la kuwapa watu chakula cha moto bure. Waliliita Masbia, neno la Kiebrania lenye maana ya kushibisha. Leo Masbia ina vituo pia Flatbush na Queens.

Waanzilishi waliamua mahali pao pafanane na mgahawa. Mtu anaingia, anakaa mezani, na kijana au mama aliyejitolea anamletea sahani. Hakuna anayesimama na bakuli mkononi akisubiri kuchotewa mbele ya umati. Chakula ni cha kosheri, lakini anayekula si lazima awe Myahudi. Mwaka 2022, mabasi yaliyobeba waomba hifadhi kutoka jimbo la Texas yalipoanza kufika New York, watu wa Masbia walikwenda kituo cha mabasi kuwapokea wageni hao kwa chakula na viatu. Wengi wa wageni walitoka Amerika ya Kusini na hawakuwa Wayahudi.

Wakati wa korona mahitaji yaliongezeka ghafla. Masbia ikaanza kutoa vifurushi vya kupeleka nyumbani kwa miadi. Mtu anachagua siku na saa kwa simu, anafika, anachukua, anaondoka. Foleni inapungua, na jirani anayepita hana muda wa kuhesabu nani yupo.

Sanduku mlangoni

Mfumo wa pili hauna hata jengo la kulia. Unaitwa Tomchei Shabbos, maana yake "wanaotegemeza Sabato". Hili si shirika moja lenye makao makuu. Ni jina linalotumiwa na vikundi vingi vya mitaa, katika miji mingi ya Marekani, na kila kimoja kinajitegemea.

Sabato ya Wayahudi huanza Ijumaa jua linapozama na kwisha Jumamosi usiku. Ni siku ambayo hata nyumba maskini kabisa inatakiwa iwe na mkate, samaki au kuku, na kitambaa safi mezani. Kwa hiyo katikati ya wiki wanaojitolea hukutana ghalani. Watoto wa shule wanapanga viazi na vitunguu, wazee wanahesabu mayai, wengine wanafunga kuku na mikate. Kabla ya Ijumaa magari ya watu binafsi yanazunguka mitaani usiku. Dereva anaweka sanduku mlangoni na kwenda zake. Anajua anwani, lakini hana haja ya kujua habari za waliomo ndani. Wenye nyumba nao hawajui nani ameleta.

Jambo linalotuvutia hapa ni kwamba sanduku linakuja kila wiki. Mama anayejua kwamba Alhamisi kutakuwa na kuku anaweza kupanga fedha yake kidogo: hii ya kodi, hii ya dawa. Msaada unaokuja mara moja kwa mwaka wakati wa sikukuu au uchaguzi hauwezi kumsaidia kupanga.

Kipo pia kitu kinachoitwa gemach. Huu ni mfuko wa kukopeshana bila riba, kwa sababu Torati inakataza kumtoza maskini riba (Kutoka 22:25). Gemach nyingine hukopesha fedha, nyingine vitu: gauni la harusi, kitanda cha mtoto, kiti cha magurudumu, viti vya msiba. Nyingi zinaendeshwa kutoka chumba cha nyuma cha nyumba ya mtu. Baadhi zimekua. Chama cha Kiebrania cha mikopo bila riba cha New York kilianzishwa mwaka 1892, wakati wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki walipokuwa wakifika kwa meli bila kitu, na bado kinakopesha hadi leo. Anayekopa anarudisha, na fedha ile ile inakwenda kwa mwingine. Wanachama wa VICOBA wataona kwamba wanaijua kazi hii, isipokuwa hapa hakuna riba.

Kanuni zilitoka wapi?

Neno la Kiebrania kwa utoaji huu ni tsedaka. Sikio la Mswahili litasikia "sadaka" mara moja, na halijakosea: neno letu limetoka katika Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja. Ila kwa Wayahudi tsedaka inakaa karibu sana na neno la haki. Anayetoa halipi fadhila. Analipa deni ambalo maskini anamdai.

Mkulima ataelewa hili kuliko mtu wa mjini, kwa sababu sheria yenyewe ilianzia shambani. Mambo ya Walawi 19:9-10 inamwamuru mwenye shamba asivune mpaka kwenye kingo, wala asirudi kuokota masuke yaliyoanguka. Hayo ni ya maskini na mgeni. Kumbukumbu la Torati 24:19 inaongeza mganda uliosahaulika: usirudi kuuchukua. Ndiyo maana katika kitabu cha Ruthu tunamwona mjane kutoka Moabu, tena mgeni, akiokota masuke nyuma ya wavunaji wa Boazi. Hakuwa mwizi wala hakuwa ombaomba. Alikuwa akichukua kilicho chake kisheria.

Wayahudi walipoishi mijini zaidi, sheria ya shamba ikahitaji kanuni za mjini. Karibu mwaka 200 baada ya Kristo, walimu wao waliandika Mishna, mkusanyo wa sheria zao. Humo tunakuta vyombo viwili. Cha kwanza ni tamhui, sahani ya jumuiya: chakula kinakusanywa na kugawanywa kila siku kwa mwenye njaa ya leo, hata akiwa mpita njia. Cha pili ni kupa, mfuko wa fedha kwa maskini wa mji wenyewe, unaogawanywa kila Ijumaa.

Mishna inaweka mpaka wa nani achukue. Aliye na chakula cha milo miwili asichukue kwenye sahani ya kila siku. Aliye na chakula cha milo kumi na minne asichukue kwenye mfuko wa wiki. Ni hesabu ya kawaida ya milo miwili kwa siku saba, na kila mtu mjini aliijua. Haikutegemea huruma ya mwenyekiti wala undugu na katibu.

Kisha inakuja kanuni tuliyoiweka kwenye kichwa cha habari. Fedha za mfuko zinakusanywa na watu wawili na kugawanywa na watu watatu. Wawili, kwa sababu mtu mmoja asipewe mamlaka ya kudai fedha za umma peke yake. Watatu, kwa sababu kugawa ni kama kuhukumu kesi ya fedha, na mahakama ya namna hiyo ilikuwa na mahakimu watatu. Kuamua kwamba nyumba hii ipate na ile isipate ni hukumu.

Talmudi, kitabu kikubwa kinachofafanua Mishna, kinafika mpaka mfukoni. Mkusanyaji akiokota sarafu njiani wakati wa kazi, asiiweke mfukoni mwake hata kama ni yake halali. Aiweke ndani ya mfuko wa maskini, ataitoa akifika nyumbani. Akitaka kubadilisha chenji ya mfuko, abadilishe na watu wengine, si na fedha zake mwenyewe. Uaminifu wa moyoni haukutosha. Watu walitakiwa waone kwa macho kwamba hakuna kinachopotea.

Ngazi nane za Maimonides

Katika karne ya 12, daktari na mwanasheria wa Kiyahudi aliyezaliwa Hispania na kuishi Misri, Musa bin Maimuni, ambaye Wazungu wanamwita Maimonides, alipanga utoaji katika ngazi nane.

Ya chini kabisa ni kutoa kwa kinyongo. Juu yake ni kutoa pungufu ya inavyofaa, lakini kwa uso mwema. Kisha kutoa baada ya kuombwa. Kisha kutoa kabla ya kuombwa. Baada ya hapo kinachopimwa ni aibu: ngazi ambayo maskini anamjua mtoaji lakini mtoaji hamjui maskini, halafu ile ambayo mtoaji anamjua maskini lakini maskini hamjui mtoaji. Ngazi ya pili kutoka juu ni ile ambayo hakuna anayemjua mwenzake. Lile sanduku la mlangoni limekaribia hapo.

Ngazi ya juu kuliko zote si chakula kabisa. Ni kumpa mtu mkopo, kuingia naye ubia au kumtafutia kazi, ili asihitaji tena mkono wa mtu.

Mfano wa ngazi hiyo ya juu tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wanaishi Abayudaya, jumuiya ya Waafrika wanaofuata dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919, walipoongozwa na Semei Kakungulu. Walipitia miaka migumu ya Idi Amin, aliyepiga marufuku dini yao. Mwaka 2004 mmoja wao, J.J. Keki, aliwakusanya majirani zake Wakristo na Waislamu wakaunda ushirika wa kahawa ulioitwa Mirembe Kawomera, maana yake kwa Kiganda ni amani tamu. Kahawa yao iliuzwa Marekani kwa soko la biashara ya haki. Wanunuzi wa kule hawakuombwa kutuma unga. Walinunua kahawa.

Mahali ambapo hisani inafika mwisho

Sasa turudi kwenye Novemba 2025, kwa sababu hapa ndipo tunapotakiwa kuwa waangalifu. Mtu anaweza kusoma yote haya akasema: basi, serikali ijitoe, vikundi vya dini vitawalisha watu. Hesabu haikubali.

Feeding America, mtandao mkubwa wa benki za chakula nchini humo, unaeleza kwamba kwa kila mlo mmoja unaotolewa na benki zake, SNAP hutoa milo tisa. Ukiondoa tisa, aliyekuwa akitoa mmoja hawezi kutoa kumi kwa wiki moja. Hana maghala hayo, hana magari hayo, hana fedha hizo.

Zaidi ya hapo, sehemu ya chakula kinachogawanywa na vituo vya mitaa hutoka serikalini. Machi 2025 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilifuta shehena za chakula zenye thamani ya takriban dola milioni 500 zilizokuwa ziende kwenye benki za chakula. Julai mwaka huo huo sheria mpya ikapanua masharti ya kufanya kazi kwa wanaopokea SNAP, hata kwa watu wa miaka 55 hadi 64 ambao zamani hawakuguswa. Kwa hiyo vikundi vya hisani vinabanwa pande mbili: wanaohitaji wanaongezeka, na chakula kinachoingia kinapungua. Na mwenye duka aliyekuwa akitoa mikate kila wiki naye wateja wake wamepungua, maana walikuwa wakilipa kwa kadi hizo hizo.

Tunavyoona sisi, vikundi hivi vina nguvu mahali ambapo serikali ni dhaifu. Vinamjua mzee wa ghorofa ya tatu asiyeweza kushuka ngazi. Vinajua nani hali nyama ya kawaida. Vinaweza kuanza kazi usiku huo huo bila fomu. Lakini wingi wa chakula, mwezi baada ya mwezi, kwa watu milioni 42, ni kazi ya kodi na bajeti. Wamishna wenyewe walilijua hilo: kupa haikuwa hiari ya mtu mwema mmoja. Wakazi wa mji walilazimika kuichangia.

Tujipime kwa maswali haya

Vijijini kwetu misaada haikosekani. Kuna zaka na sadaka, kuna mfuko wa jimbo kanisani, kuna kamati ya maafa, kuna mfadhili anayefika na lori. Kabla ya mgao ujao, tunashauri kamati yoyote ijiulize:

- Nani anakusanya? Akiwa mmoja, aongezwe wa pili, hata kama wa kwanza ni mtu mwaminifu sana.
- Wagawaji ni wangapi, na je, ni wale wale waliokusanya?
- Kipimo cha anayestahili kimetangazwa kwa hesabu ambayo kila mtu anaielewa, au kimo kichwani mwa mtu?
- Mama anayepewa kilo tano za unga analazimika kusimama mbele ya kamera? Kama mfadhili anataka ushahidi, apige picha magunia na daftari lililosainiwa.
- Msaada utakuja tena lini? Kidogo kinachojulikana siku yake kinamsaidia mtu kupanga.
- Kati ya wote wanaopokea mwaka huu, ni wangapi wanaweza kuinuliwa kwa mbegu, mkopo au kazi, wasirudi kwenye orodha mwakani?

Hakuna hata swali moja kati ya haya linalohitaji fedha. Yanahitaji watu watatu na daftari.

Tarehe za kufuatilia

Mwaka 2026 Pasaka ya Wayahudi inaanza jioni ya Aprili 1. Ni wiki yenye gharama kubwa kuliko zote kwa familia inayoshika dini, kwa sababu mkate wa kawaida hauruhusiwi na vyakula vingi lazima viandaliwe upya. Kuna mchango maalumu wa zamani kwa ajili yake, jina lake maot chitim, yaani fedha za ngano. Kwa vikundi kama Masbia na Tomchei Shabbos, hiyo ni wiki ya mtihani.

Tarehe ya pili ni Septemba 30, 2026. Sheria iliyofungua serikali Novemba iliipa SNAP fedha hadi siku hiyo. Bunge la Marekani lisipopitisha bajeti nyingine, familia zile zile zitaangalia kadi zao tena, na masanduku yatahitajika kwa wingi. Tutaendelea kufuatilia na kuwaletea taarifa hewani na hapa kwenye ukurasa huu.